Sauti ya Mama Cécile Ndani ya Filamu ya Kutisha

Saa tatu asubuhi, jikoni kwake mtaani Laeken, jijini Brussels, Onésime Murhula anazungumza peke yake. Mbele yake kuna redio ya kaseti. Anabonyeza kitufe chekundu, anakohoa, kisha anasimulia habari za mwanamke asiye na macho anayebisha hodi kwa wajane.

Akimaliza atajisikiliza. Pale atakapoogopa ndipo atakapoandika, kwingine kote atafuta.

"Kama miye mwenyewe sijaogopa, muntu mwingine ataogopa namna gani?" ananiuliza, kwa uso wa mtu anayekagua maharage sokoni.

Mchana huenda mtaa wa Uccle kuwaogesha na kuwalisha wazee wa Kibelgiji, na kazi hiyo ndiyo inayolipa pango. Vitabu vyake vya kutisha huuzwa kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, katikati ya vitenge na samaki wakavu. Lakini wengi wanamjua kwa filamu ya mwaka 1995, aliyoitengeneza kijana wa Kibelgiji, Sander, kutokana na kitabu cha kwanza cha Onésime. Ndani yake mwanamke aliyezama ziwani anaita watoto wa watu. Malipo yake, anasema Onésime akicheka, ni friji ile pale.

Kicheko hakikai.

Hadithi ile ilikuwa ya mama yake, Mama Cécile, aliyebaki Bukavu, mkoani Kivu, Kongo. Mama hakupenda kuandika barua. Kila mara alijirekodi kwenye kaseti, akampa msafiri. Onésime alisikiliza, akarekodi majibu yake juu ya maneno yaleyale ya mama, akairudisha. Ndivyo walivyofanya wengi wa Kivu. Nani atunze kaseti, na mwenye sauti yupo?

Sander alitaka kusikia jinsi hadithi inavyosimuliwa, akaazimwa kaseti iliyokuwa imetoka kufika. Hakuelewa neno, lakini sauti ilimshika. Akanakili kipande na kuomba kiwe sauti ya mzimu. Onésime alikubali. Mama naye, kwenye kaseti iliyofuata, alicheka sana na kusema sasa yeye ni mtu wa sinema. Kicheko hicho pia kilifutwa.

"Kuya, mutoto yangu. Kuya nikuone," mzimu unaita kwenye filamu, yaani njoo, na ukumbini watu walipiga mayowe. Jémima, binti wa Onésime, aliiona kwenye video kwa majirani. Tangu siku hiyo akiisikia huziba masikio.

Mwishoni mwa 1996 vita vilifika Bukavu. Mama Cécile alikimbia kwa miguu pamoja na wenzake, akafia njiani. Onésime alipotafuta sauti yake ndani ya nyumba, kwenye kaseti iliyobaki, ambayo alikuwa hajaituma, alijikuta mwenyewe tu, akilalamika kwamba Brussels kuna baridi.

"Juu ya sauti ya maman, nilikuwa naongea baridi," anasema, na machozi yanamtoka bila yeye kuyaficha. "Donc, maman amebakia mu ile filme tu. Na bantu wakimusikia, wanakimbia."

Kuna jambo linalomuuma zaidi. "Mbele ya yale maneno, maman alisemaka jina: Jémima. Alikuwa naita mujukuu yake, hakumuonaka hata siku moja. Sander alikata jina."

Mwaka huu, 1998, Sander amerudi kuomba kitabu cha pili. Onésime alitaka kwanza nakala ya sauti ya mama jinsi ilivyokuwa, pamoja na lile jina, bila muziki, bila mlio wa maji. Sander aliipekua studio yake, na wiki iliyopita akaileta kwenye kaseti. Iko juu ya friji. Onésime hajaisikiliza.

"Si yangu," anasema. "Ni ya mutoto."

Jémima, ambaye sasa ana miaka tisa, alikuwa akiipita bila kuitazama. Juzi, akinywa supu yake, aliuliza habari za bibi yake, "Papa, koko anasema jina yangu kweli?"

"Anasema."

Mtoto alikoroga supu. "Bon. Tutaisikiliza samedi. Muchana. Na mulango ikuwe wazi."

Onésime ameshaomba ruhusa Uccle kwa ajili ya Jumamosi. Anaiteremsha kaseti kutoka juu ya friji anionyeshe mgongo wake. Vijino viwili vya plastiki vilivyo hapo, ambavyo bila hivyo redio hairekodi, amekwisha kuvivunja, ili asije mtu akarekodi juu yake.