Wiki ya Tatu ya Milembe

Wiki ya tatu tangu ajifungue, Milembe alikuwa bado anakaa upande kwa sababu ya mshono, na chuchu zake zilikuwa zimepasuka. Watu wa Mwandoya walikuwa mashambani wakichuma pamba. Mtoto alipolia tena, naye akaangua kilio.

Mama mkwe wake, aliyebaki kumpikia uji, akasogea.

“Mayu, mama yangu, simpendi huyu mtoto,” Milembe akasema. “Nimechoka tu.”

Mama mkwe hakushtuka. “Hata mimi, mume wako huyo sikumpenda mpaka alipoanza kucheka. Sikumwambia mtu.”

Akampakata mjukuu wake, akatoka naye uani. Milembe akajilaza ubavu, akalala fofofo mpaka maziwa yalipojaa yakamwamsha kwa maumivu.