Dawa ya Kuvuta Haimsubiri Mtu

Wodi nzima ilimwita Mama Saa, kwa kuwa muuguzi huyu aliandika dakika ya kila kitu, hata ya kikohozi. Walimcheka, naye akawaacha wacheke. Miaka kumi na tisa katika chumba cha wagonjwa mahututi ilimfundisha kwamba lawama haikosi mwenyewe, na mwenyewe huwa muuguzi.

Zamani mgonjwa wa mashine ya kupumulia alilazwa usingizi kwa dripu. Ukiifunga, alichukua nusu siku kuzinduka. Daktari aliweza kunywa chai, akamaliza na kikao, akarudi akamkuta vilevile. Kisha ikaja dawa ya kuvuta, mvuke unaopita kwenye mpira wa mashine. Wauguzi waliipenda, maana mgonjwa huamka na akili zake, haweweseki. Lakini huamka upesi mno. Basi wakajiwekea sharti: dawa haizimwi mpaka mtu akae kando ya mgonjwa na kumshika mkono.

Asubuhi ile Mama Saa alikuwa kitanda cha nne akimgeuza bibi mmoja. Daktari bingwa akapita kitanda cha pili, akazima dawa ya fundi seremala, akaenda zake kikaoni, kimya kama maji mtungini.

Kengele ya mashine ikalia. Seremala alikuwa amefumbua macho, haoni mtu, koo limejaa mpira, na mkono wake wa kushikia randa umekwisha kuukamata. Mama Saa alifika mpira umetoka nusu. Akaung'ang'ania ule mkono. "Baba, usivute, niko hapa, niko hapa," mpaka wenzake wakaja, wakaurudisha mpira na kumlaza tena kwa dawa. Mgonjwa aliponea chupuchupu.

Mchana akaitwa kwa muuguzi mkuu. Fomu imeshajazwa: uzembe wa muuguzi. Yaani aliyezima akaondoka ni msafi, aliyekimbia ndiye mzembe!

"Saini tu, mdogo wangu, yaishe," muuguzi mkuu alisema. "Ukibisha watakutoa wodini."

Daktari alikuwa amesimama dirishani. "Mimi nimezima saa tatu na nusu," alisema. "Sijafika hata ghorofa ya pili, naitwa. Dawa gani hiyo inaisha haraka hivyo?"

Mama Saa alimkodolea macho. Mafunzo ya dawa ile yalichukua siku mbili, na wauguzi waliyahudhuria siku zao za mapumziko. Madaktari hawakuja, walituma salamu tu. Akamgeukia mkuu wake, ambaye alikuwa amesikia kila neno. Mkuu wake akainamisha uso, akasogeza kalamu.

"Sisaini, dada," Mama Saa alisema. "Saa nane dawa inazimwa tena. Daktari, utakuja kumshika mkono wewe, au niende mimi mzembe?"

Akasukuma kiti nyuma, akaenda kukaa na mgonjwa wake.