Jibu la Beki Wetu

Je, nilimdanganya daktari, au nilikosea tu kutafsiri? Swali hilo liliniweka macho usiku tatu mfululizo katika chumba changu cha kupanga mtaani Sanyuanli. Kila nikijitetea nikaona nimeshinda kesi, nilijikuta nimerudi kizimbani.

Nilipomaliza chuo hapa Guangzhou, Uchina, niliajiriwa kuwa mkalimani wa timu ndogo ya kulipwa ya hoki ya barafu. Ni ligi ya daraja la chini. Watazamaji wetu wengi ni wazazi waliowaleta watoto kujifunza kuteleza. Kocha na daktari walijua Kichina tu. Beki wetu wa kigeni, Mkanada wa miaka thelathini na nne, alijua Kiingereza tu. Kila walichoambiana kilipitia kinywani mwangu.

Wachezaji wa Kichina walimwita dashu, yaani mjomba, nami nikafuata. Tangu ujana wake alihama mji hadi mji kwa mikataba ya msimu mmoja mmoja. Ligi kubwa ilimwita mara mbili, na mara zote mbili alikaa benchi kisha akarudishwa alikotoka. Kufunga mabao si kazi yake. Kazi yake ni kujiweka mbele ya kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kimpige yeye kisiingie golini. Meno yake manne ya mbele ni ya bandia. Kabla ya mechi huyavua, huyatia kwenye kikombe cha karatasi na kunikabidhi. Basi mimi, mwenye shahada, nilikuwa pia mtunza meno.

"Hoki ya barafu!" alicheka shangazi siku nilipomwambia nimepata kazi. "Kwetu barafu tunanyonya kwenye vifuko, nyie mnaikanyaga?"

Si shangazi wa damu. Ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua nguo za jumla katika soko la Zhanqian, na nilipokuwa mwanafunzi nilimtafsiria. Kwake ndiko nilikojifunza tabia yangu. Akisema, "Mwambie laoban wake nguo hizi hata kudekia sidekii," mimi nilimwambia yule bosi wa duka kwamba mama anaomba kitambaa kizito kidogo. Bosi akijibu, "Kama hataki aende zake," nilimwambia shangazi, "Anasema bei imefika mwisho, ila karibu tena." Watu waliondoka wakicheka. Nilijiona hodari.

Jumatano ile, katikati ya mechi, mjomba alisukumwa ukutani, kichwa kikagonga kioo kinachozunguka uwanja. Walimleta benchi. Daktari alimmulika macho, akaniambia nimuulize tunacheza na nani.

"Sijui," alinijibu polepole. "Nakuona uko wawili."

Kocha alikuwa ametuinamia. "Anasema nini? Anacheza, hachezi?"

Nilijua kwamba Jumamosi kocha angeamua kama atamwongezea mkataba. Nilijua pia kwamba mjomba hakuwa na timu nyingine inayomsubiri. Hakuna aliyenituma. Ulimi ulikwenda wenyewe njia ya Zhanqian.

"Anasema amechoka kidogo," nilisema. "Apumzike dakika chache."

Baada ya dakika kumi alikuwa barafuni tena.

Alhamisi aliniuliza mara mbili ni siku gani. Ijumaa alikuja mazoezini na miwani ya jua, ndani ya jengo, na viatu vyenye visu vikamshinda kufunga kamba. Nikamwinamia, nikamfungia.

"Usiwaambie, mdogo wangu," alisema juu ya kichwa changu. "Mechi moja tu imebaki."

Nikajiambia ni mtu mzima, kichwa ni chake. Halafu nikakumbuka kuwa siku ya kwanza hakuniomba chochote. Alisema ukweli, mimi ndiye niliyeuzima. Halafu nikawaza kibali changu cha kuishi hapa, kilichoshikana na kazi ile. Nikaona haya kwamba nimekiwaza.

Jioni hiyo nilimfuata shangazi, nikamkuta anafunga mizigo. Nilimsimulia yote, kisha nikamuuliza, "Ulijua nilikuwa nakupunguzia maneno?"

"Unadhani mimi kipofu? Mtu uso umemvimba kwa matusi, wewe unaniletea salamu!"

"Mbona hukunikataza?"

"Nguo nilikuwa naishika mwenyewe, mwanangu. Ukinidanganya, vidole vyangu vinaniambia." Alivuta kamba ya mzigo kwa goti. "Huyo daktari wako anashika nini? Kichwa cha mtu kwa ndani kinapapaswa?"

Akanipa mwisho wa kamba nishike.

Jumamosi, katika chumba cha kubadilishia nguo, mjomba alivua meno yake, akanikabidhi kikombe. Mkono wake ulikosa wangu kwanza, ukanipata mara ya pili. Nikatembea na kikombe hadi kwenye meza ya daktari.

"Daktari, Jumatano sikutafsiri," nilisema. "Nilibuni. Alisema hajui tunacheza na nani, na kwamba ananiona wawili. Hadi leo hajapona."

Daktari aliweka chini bandeji aliyokuwa akiikunja, akamwita kocha, akamrudishia maneno yangu.

"Kwa nini unasema leo?" kocha aliniuliza.

Nilizoea kuwa na majibu laini ya kila namna. "Niliogopa," nilisema.

Kisha nikamgeukia mjomba, nikamwambia kwa Kiingereza kila nilichosema, neno kwa neno.

"Nilikuomba mechi moja."

"Najua, mjomba."

Daktari alikuwa tayari anapiga simu hospitali. Kocha alinyoosha kidole kumwelekea mjomba, bila kumtazama. "Mwambie hachezi. Na mkataba asiutegemee, umri wenyewe ndio huo."

Wote wakanisubiri. Kichwani mwangu zilikuja njia tatu za kuyalainisha maneno yale, zote nzuri. Niliziacha zipite.

"Kocha anasema huchezi," nilimwambia. "Na mkataba usiutegemee, kwa sababu ya umri wako."

Akanyoosha mkono. Nikamrudishia kikombe.