Mwano Uliomezwa na Spika

Mwanangu, ipo siku moja haijanitoka kichwani, na nataka uijue kabla hujakaa kwenye hiyo kamati ya kugawa viwanja.

Nilikuwa binti, nasoma masomo ya jioni hapa Bariadi. Ndiyo ile miaka wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia, na baa zikaota kila kona. Bwana mmoja akataka kujenga yake katikati ya nyumba zetu. Siku ya mkutano wa mtaa alichinja ng'ombe. Watu wakala kwanza, ndipo wakaulizwa.

Akasimama Mayu Nyanzobe peke yake (mayu kwetu ndiyo mama), mjane, jirani yetu. "Hayo maspika yakifungwa hapa, mtu akipiga mwano nani atamsikia?" Unatujua sisi Wasukuma: mwano ukipigwa, lile yowe la hatari, unaacha hata ugali unakimbia.

"Mayu, rudi kijijini kwenu Zagayu ukalale na kuku! Hapa mjini!" kijana mmoja akadakia. Watu wakacheka. Baba yangu naye akanyoosha mkono kukubali. Alikuwa na vyumba vya kupangisha, akawaona wapangaji wanakuja.

Baa ikajengwa. Hata msimu wa pamba haukuisha tangu ifunguliwe. Jumapili asubuhi tunatoka kwenda kanisani, tukamkuta Mayu amekaa mlangoni kwake, khanga imelowa damu. Binti yake alishikwa na uchungu usiku. Amekufa, na mtoto tumboni.

Sauti ilikuwa imemkauka. Akamnong'oneza baba, "Nimepiga mwano mpaka koo limekwisha. Ninyi mlikuwa mnasikia nini?"

"Muziki, Mayu," baba akajibu.

Siku za msiba wenye baa walizima muziki. Tulipoondoa matanga, wakawasha.

Sikwambii mfunge baa zote, mwanangu. Wapo akina mama wanasomesha watoto kwa mishkaki wanayochoma pale nje. Ziwekeni kule stendi na sokoni, wasikolala watu. Kabla hujakubali kiwanja, nenda kakae kwa majirani zake, ujue nani mgonjwa, nani mjamzito, nani anaishi peke yake. Nyama ya anayeomba kiwanja usiile. Na mtu akichekwa mkutanini kwa sababu ameuliza, mwambie arudie swali lake, wote walisikie.

Mungu akupe moyo usiotishwa na wengi, akulindie nyumba yako na watoto wako. Nenda na amani yake, mwanangu.