Mama Vipul Amekubali Bei

Cherop alikuwa akiuza makoti ya mitumba, makoti tu. Sketi aliwaachia wanaouza Mombasa. Nakuru mwezi wa Julai upepo unateremka kutoka Menengai na kuingia kwenye mifupa bila hodi, na yeye alikuwa na kibanda sokoni, cha pili kutoka kwa Ngigi muuza viatu, na sauti iliyofika mpaka barabara kuu.

Mwaka wa 2008 sauti peke yake haikutosha. Yale machafuko ya Januari, baada ya uchaguzi, yalikuwa yamepita na vibanda vilishajengwa upya, lakini wateja wengi wa zamani hawakurudi. Baadhi walihama. Wengine walikuwa bado mjini, ila walinunua vitu karibu na mlango wao na kurejea ndani. Watu walikuwa wamekuwa na adabu ya kutisha. Hakuna aliyemtania mwenzake.

Ndipo Tanveer, mwenye duka la intaneti ghorofani ng'ambo ya soko, akamwambia, "Dada, kama watu hawaji kwa makoti, tuwapelekee. Mimi nina kamera." Wakayatundika makoti ukutani, wakayapiga picha na kuyatuma kwa barua pepe kwa kila mtu waliyemjua mwenye anwani. Chini ya kila picha waliandika bei.

Mimi nilikuwa napitia Nakuru siku hizo, na duka la Tanveer ndilo pekee ambalo mtandao wake haukukatika kila nikikaribia mwisho wa sentensi. Kwa hiyo nilikuwapo barua ya kwanza ilipoingia. Ilitoka Elburgon, kwa mtu aitwaye Kibii. Ilikuwa na maneno matatu: "Bei ya mwisho?"

Cherop aliisoma, akamgeukia Tanveer.

"Huyu amelelewa wapi? Hata salamu hakuna?"

"Dada, kwa mtandao watu hawasalimiani. Mambo ni haraka haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Koti atavaa miaka kumi. Andika hivi: Habari ya Elburgon? Mvua imenyesha? Watoto wako aje? Bei ya mwisho siwezi kukuambia kwa sababu hata hatujaanza."

Tanveer aliandika huku mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Jioni Kibii akajibu kwamba mvua imenyesha, watoto ni wazima isipokuwa mmoja anakohoa, ndiyo maana anatafuta koti, na kwamba hiyo bei iliyoandikwa ni ya kununua ng'ombe. Cherop alipiga meza kwa kiganja.

"Sasa huyo ni mtu!"

Nimebishana bei katika nchi nyingi, kwa lugha ninazozijua na nyingine nilizobahatisha, na sijaona mwalimu kama yeye. Bei aliyoiandika ilikuwa bei ya kuongea, yenye nyama ya kukatwa, na alitarajia mteja aje na kisu. Aliyetaja kidogo mno alijibiwa, "Boss, hiyo ni ya kola peke yake, mikono utashona mwenyewe?" Aliyenuna aliombwa radhi na kuulizwa habari za mama yake. Baada ya wiki chache watu wa Molo mpaka Kabazi walikuwa wakiandika barua ndefu kuhusu mahindi, na koti likitajwa mwishoni.

Lakini barua aliyokuwa akiingoja ilikuwa ya Mama Vipul.

Mama Vipul, jina lake Vimla, alikuwa mjane aliyeishi ghorofani, barabara moja tu kutoka sokoni. Mwanawe Vipul alikuwa Uingereza. Kila mwaka, baridi ikianza, mama huyu alimnunulia mlinzi wake koti kwa Cherop, na siku hiyo wauzaji waliacha kazi kutazama. Aligeuza koti ndani nje. Alinusa kwapa. Alimwita Cherop mwizi, Cherop akamwita bahili, kisha Mama Vipul akatupa koti na kuondoka zake. Alitembea mpaka kwa Ngigi, hakuzidi hapo, na Cherop akapaza sauti, "Mama Vipul, rudi!" Naye alirudi. Tangu Januari hakuwa ameonekana sokoni.

Siku barua yake ilipofika, Cherop alijipangusa mikono kwa kanga kabla ya kusogea kwenye kompyuta. Alikuwa amemchagulia koti la sufu la kahawia na kuliandikia mia nane, makusudi, apate pa kuanzia ugomvi. Tanveer akasoma: "Nimekubali bei. Pesa nimetuma kwa simu. Asante sana."

Simu ya Cherop ikalia papo hapo. Mia nane kamili.

"Umeona?" Tanveer akafurahi. "Hata hakusumbua!"

Cherop alikaa kwenye kiti kilichokuwa nyuma yake.

"Amenikataa," akasema.

"Amelipa yote, dada. Huko ndiko kukataliwa?"

"Bei ya kwanza inalipwa na mgeni, ama mtu anayetaka kuachana na wewe upesi. Huyu mama tumetukanana miaka kumi na mbili. Sasa ananiambia asante sana, kama anaongea na polisi." Akalikunja koti, akasimama, akanitazama. "Mzee wa safari, twende. Bei bila mtu wa kutazama haiendi."

Mama Vipul alitufungulia akiwa na sari na sweta la mwanamume juu yake. Alitukaribisha vizuri mno. Akaleta chai na vitafunio vya chevda, akauliza habari, Cherop akajibu nzuri, Cherop akauliza habari, naye akajibu nzuri. Nimewahi kukaa kwenye matanga yenye uchangamfu kuliko ule.

Cherop akatandaza koti juu ya meza.

"Ni zuri sana," Mama Vipul akasema, bila kuligusa.

"Kifungo kimoja hakifanani na vingine."

"Si kitu."

"Na kola imepauka hapa. Nondo pia amepita."

"Si kitu, Cherop. Asante."

"Mama Vipul," sauti ya Cherop ikapanda, "hili koti hata mimi singelinunua!"

Niliona vidole vya yule mama vikitambaa mezani. Viligusa pindo, vikarudi, vikaligusa tena. Halafu akalinyakua koti, akaligeuza ndani nje kwa mkupuo mmoja.

"Na hii bitana? Nani ameshona hii bitana, kipofu?"

"Ndiyo hiyo!" Cherop akapiga makofi. "Sasa mbona ulilipa?"

Mama Vipul akakaa, koti likiwa limekumbatiwa kifuani.

"Mimi nilikuandikia kama siku zote. Niliandika, Cherop mwizi wewe, koti hii umeokota wapi. Halafu nikasoma. Kwenye kompyuta hiyo neno haicheki. Inakaa tu pale, inakuangalia. Nikasema, na mwaka huu, Cherop akisoma hivi atafikiri nini? Nikafuta. Nikalipa."

"Na mimi niliposoma asante nikajua basi, umeniogopa."

Walitazamana. Kisha Cherop akasema polepole, "Sema sasa. Niite."

"Mwizi!"

"Bahili!"

"Mia nane kwa gunia la viazi! Rudisha mia tano!"

"Mia mbili narudisha, na unishukuru!"

"Mia mbili? Basi sitaki!" Mama Vipul akatupa koti mezani na kuondoka.

Aliondoka kweli. Alitoka nje ya nyumba yake mwenyewe, akiwa na champali za ndani miguuni, akatuacha sisi wageni na chai yake. Tukasikia miguu yake ikishuka ngazi. Nilidhani atageuka kwenye kona ya ngazi. Cherop akachungulia dirishani, akashika kichwa.

"Amevuka barabara!"

Akabeba koti na kukimbia. Mimi nikavuta mlango nikawafuata. Mama Vipul alikuwa mbele, amenyanyua pindo la sari, kichwa juu, hatazami nyuma. Aliingia sokoni. Alipita wauza sufuria, akapita kibanda cha Cherop chenyewe, watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Alipofika kwa Ngigi, akakoma.

"Mama Vipul, rudi!" Cherop akapaza ile sauti yake ya barabara kuu, ingawa walikuwa wameachana kwa hatua chache tu.

Yule mama akageuka.

"Unarudisha ngapi?"

"Mia tatu!"

"Mia nne!"

"Mathe, tulidhani umehamia kwa Vipul!" Ngigi akasema, kiatu mkononi. "Cherop, mpe mama mia nne bwana, soko limekuwa na baridi mwaka mzima."

"Ngigi, uza viatu!" Cherop akamkaripia, lakini mkono ulikuwa tayari umeingia kwenye mkoba.

Mama Vipul alipokea mia nne, akalitupia koti begani, akatazama miguu yake iliyokuwa imejaa vumbi ndani ya champali. Kisha akainama, akaokota kiatu kimoja cha Ngigi na kukinusa.

"Na hii," akasema, "umeokota wapi?"