Fremu ya Padre

Munyao hutengeneza baiskeli pale Mumbuni, na hadi mwezi uliopita, ukitaka kumharibia siku, ungemtajia Wathome. Angeweka spana chini, ateme mate pembeni, kisha akueleze jinsi Wathome alivyomtia padre mkononi fremu mbovu kuliko zote zilizowahi kutoka Machakos. Angekueleza hata usipomuuliza. Aliyasema hayo miaka arobaini na mitano, na fremu yenyewe hakuitia machoni tena tangu ilipouzwa.

Tusizungukezunguke: ni wivu. Hao wawili walijifunza kazi kwa fundi mmoja, Josphat, ambaye hakukubali mwanafunzi aandike jina lake popote. Karakana ni yangu, alisema, basi. Mwaka wa mwisho kila mmoja aliunda fremu yake, Josphat akazipaka zote rangi ya kijani. Kabla hazijauzwa, Munyao akaitwa nyumbani kumzika mama yake. Aliporudi zilikuwa zimekwenda. Aliambiwa padre wa kwanza wa parokia alipita, akachagua ya Wathome, akaisifu mpaka watu wakasimama barabarani kusikiliza, na wiki hiyohiyo akamwajiri Wathome kwenye karakana ya misheni. Ile ya Munyao, wakamwambia, ilichukuliwa na muuza maziwa wa Kithyoko. Nani angeisifu huko?

Kuanzia hapo mambo ya Wathome yalinyooka. Alipelekwa kusomea ufundi, akawa mwalimu, akajenga nyumba ya mawe yenye vigae. Munyao alibaki kuziba pancha. Wathome alipofiwa na mkewe, Munyao alikwenda mazishini kama watu wengine, akarudi akilalamika kwamba jeneza lilikuwa la kujionyesha.

Basi mwezi uliopita akaja Peris, katibu wa parokia, na fremu kuukuu begani.

"Mzee, niko na shida kidogo," alisema. "Hii ni baiskeli ya yule padre wa kwanza. Tunaiweka kanisani siku ya jubilii. Haina alama yoyote. Wengine wanasema ilitoka Uingereza, wengine wanasema ni Mwalimu Wathome aliunda. Wewe ulikuwa kwa Josphat. Utuambie ni ya nani, tuandike jina."

Moyo wa Munyao uliruka kwa furaha, furaha isiyo nzuri. Hatimaye angeishika kwa mikono yake mwenyewe na kuuonyesha ulimwengu uozo wake.

"Ya Uingereza si hii," alisema kwa sauti, ili Dedan, jirani yake anayeuza vipuri, asikie. "Hii ni ya Wathome. Imeungwa kama zizi la mbuzi. Kaa hapo nikuonyeshe."

Akaanza kukwangua rangi. Alianza chini, kwenye pedeli, mahali ambapo fundi mvivu hujulikana. Shaba ya kuungia vyuma ilikuwa imeingia sawasawa pande zote, bila donge. Akapanda mbele, kwenye usukani. Safi. Akaivutia uzi kutoka mbele hadi nyuma kuona kama imepinda, na haikuwa imepinda hata kidogo. Roho ilimuuma kweli. Kumbe yule mtu alijua kazi! Kila kiungo alichokifikia kilimkata maini zaidi ya kile cha kwanza, na tupa mkononi mwake ikaanza kwenda kwa hasira. Akamwomba Mungu ampe kosa moja tu, hata dogo.

Akalipata. Chini kidogo ya kiti, rangi ilipotoka, palionekana duara, na ndani yake duara jingine dogo. Mtu alikuwa ametoboa tundu mahali pasipofaa, kisha akaliziba kwa senti moja ya zamani, ile yenye tundu katikati, akayeyusha shaba juu yake na kuipiga tupa hadi ikalala.

Munyao alikaa chini, juu ya tairi.

Lile tundu alilitoboa yeye. Ile senti aliibandika yeye, jioni moja Josphat alipokwenda dukani, na hakumwambia mtu yeyote.

"Ni yangu," alisema.

Peris akamtazama. "Nini yako?"

"Fremu. Ni mimi niliunda."

Dedan alicheka mpaka akashika mlango. "Wacha, Mzee! Si umesema saa hii ni zizi la mbuzi? Sasa imekuwa nzuri, imekuwa yako?"

Munyao aliwaonyesha senti. Peris akasema, kwa heshima, kwamba hata Mwalimu angeweza kutumia senti. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akampigia Wathome simu na kuongeza sauti ili wote wasikie. Akamweleza.

"Munyao ako hapo?" Wathome aliuliza. "Anasikia?"

"Anasikia, Mwalimu."

"Ni yake. Padre aliuliza nani ameunda hii, Josphat akanionyesha mimi kwa sababu ni mimi nilikuwa hapo. Nikanyamaza." Akakohoa. "Lakini Munyao, mimi nilidhani unajua. Hii miaka yote ukinichafulia jina, nilikuwa najiambia, wacha aseme, ako na haki."

Dedan hakucheka tena. Munyao aliichukua simu kutoka mkononi mwa Peris, na Peris akadhani sasa matusi yatamwagika.

"Padre alisema aje?" Munyao aliuliza.

"Siku ile?"

"Siku ile. Alisema aje?"

"Alisema hata kwao hajaona mkono kama huu. Alipitisha kidole hapo chini kwa pedeli, akasema huyu mtu ako na subira."

"Na hayo maneno ukakaa nayo wewe."

"Nikakaa nayo."

"Basi nirudishie," Munyao alisema, akiisogeza simu sikioni. "Anza tena hapo mwanzo. Polepole."