Chumvi ya Kuzuia Radi

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa fundi kumwaga chumvi kando ya barabara. Tuliosubiri basi nje ya Garissa tulimtazama akiuzika waya wa shaba wa kisanduku cha kuhesabu magari. Cha kwanza kiliunguzwa na radi, na mkubwa wake alimwambia hiki kikiungua naye hana kazi. Chumvi na maji vingeusaidia udongo mkavu kuumeza umeme. Mawingu yalikuwa yameshatanda.

Ngamia wakanusa chumvi. Walikuja mbio, shingo mbele, wakalamba, wakafukua, mmoja akaondoka na waya mdomoni. Fundi akawafukuza kwa bisibisi.

“Eeddo, ondoa ngamia yako,” alimsihi mwenye ngamia, shangazi yake.

“Wewe umeita wao kwa chakula, sasa mimi nifukuze wageni yako?” Alijishika kiuno. “Umekunywa maziwa ya hawa mpaka ukamea ndevu. Leo umesahau wanapenda nini?”

Hata hivyo alibeba chumvi iliyobaki guniani akaenda kuimwaga mbali, ngamia wote nyuma yake. Fundi akauokota waya ulioangushwa, akauzika upya, nasi abiria tukakata miiba tukauzungushia boma. Basi lilikuja, likapiga honi, likaondoka. Tulicheka hata tukashindwa kulikimbilia. Chuo kikuu nilisoma habari za umeme na udongo. Ngamia hawakuwemo kwenye mtihani.

Usiku radi ilipiga kweli. Asubuhi nilikuta taa ya kisanduku bado inawaka; hakikuungua. Nikapitia makaburini, nikamsimulia marehemu mke wangu kisa chote, nikiwaigiza na ngamia.